Kupunguza nyama: anaambiwa nani, na kwa nini tunakasirika?

Siku chache kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu iliyopita, ujumbe mmoja wa sauti ulizunguka kwenye simu za jamaa na majirani zangu hapa Unguja. Sauti ni ya mtu mzima, ametulia, hana papara. Anasema wakubwa wa dunia wamekaa kitako wakakubaliana watu waachishwe nyama, na kwamba leo wataanza na ng'ombe wa buchani, kesho wataingia kwenye udhiya, yule mnyama wa kuchinjwa Idi. Nilipofika barazani baada ya Alasiri nikawakuta wenzangu wameshausikiliza mara mbili. Mmoja amechafuka kweli kweli. Mwengine anasema upuuzi mtupu. Na mzee wetu mmoja, ambaye jongo limemkalia kwenye kidole gumba cha mguu mwaka wa tatu huu, akauliza kwa upole: “Hebu nambieni. Daktari aliponiambia nipunguze nyama, na yeye ni katika hao?”

Hakuna aliyemjibu, na mimi sikuwa na jibu fupi. Swali lake limegusa mambo matatu ambayo siku hizi yanapikwa chungu kimoja: ushauri wa daktari kwa mgonjwa wake, ushauri wa wataalamu kwa watu wote, na hatua za serikali. Kila jambo lina mwenyewe na lina watu linaowahusu. Yakichanganywa, mgonjwa huacha kumsikiliza daktari wake kwa sababu amemkasirikia mtu wa Ulaya asiyemjua.

Tuanze na maneno

Kwetu mtu akisema “leo tumepika nyama”, hakuna anayetarajia kuku wala samaki. Nyama ni ya ng'ombe. Ikiwa ya mbuzi utaitaja. Wataalamu wa lishe hawako mbali na hapo. Wanaposema “nyama nyekundu” wanakusudia ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama wengine wa miguu minne, pamoja na nguruwe kwa wanaomla. Kuku ni nyama nyeupe, na samaki ana hesabu yake mbali. “Nyama iliyosindikwa” ni ile iliyotiwa chumvi nyingi, moshi au dawa za kuhifadhia ili ikae muda mrefu au ibadilike ladha: soseji, salami, nyama ya kopo. Nyama uliyonunua asubuhi, ukaichemsha na kuiweka kwenye friji, haimo humo.

Neno linalotupoteza zaidi ni “sera”. Fikiria mama anayetaka mwanawe apunguze peremende. Anaweza kumkalisha akamweleza zinavyoharibu meno. Anaweza kuacha kuziweka kwenye bakuli la sebuleni, akaweka maembe. Anaweza kupunguza shilingi anazompa za kwendea skuli. Au anaweza kumpokonya mkononi. Zote nne zinaitwa kumpunguzia mtoto peremende, lakini mtoto hazipokei sawasawa. Na serikali ni hivyo hivyo: ipo inayotoa mwongozo wa ulaji, ipo inayobadilisha chakula cha makantini ya umma, ipo inayogusa bei kwa kodi au ruzuku, na ipo inayokataza jambo fulani. Mtu akisikia “sera ya kupunguza nyama”, akili yake hurukia moja kwa moja kule kwenye kupokonywa.

Basi na liwe wazi mapema. Hakuna sheria ya Zanzibar wala ya Muungano inayomlazimisha mtu kupunguza nyama. Ukisikiliza viongozi wa sekta ya mifugo kule Bara utasikia kinyume chake: wamekuwa wakihimiza watu wale nyama zaidi, wakitaja kwamba Mtanzania anakula wastani wa kilo 15 kwa mwaka wakati anatakiwa afikie kilo 50. Kwa hiyo mtu mmoja, kwenye simu moja, wiki moja, anaambiwa ale zaidi na anaambiwa aache. Akichanganyikiwa hana kosa.

Nusu kilo ya Ijumaa

Lugha yetu ina neno ambalo ndilo ufunguo wa mjadala huu wote: kitoweo. Chakula ni wali, ugali, muhogo, ndizi, shelisheli. Samaki, nyama, maharage au mchicha ni vya kutowelea, yaani vya kusaidia chakula kiteremke. “Leo kitoweo nini?” ni swali la kila siku Unguja na Pemba. Katika nchi tajiri ambako hoja ya kupunguza nyama imeanzia, mpango wa sahani umepinduka: kipande kikubwa cha nyama ndicho chakula, na mbatata mbili tatu zimekaa pembeni kama wageni. Ushauri uliotungwa kwa sahani ile ukishuka kwenye sinia letu lazima upimwe upya.

Nilikaa jikoni kwa shangazi yangu Ijumaa moja nikaupima. Alinunua nusu kilo ya nyama ya mchanganyiko, na mifupa yake. Akaikata vipande kumi na sita, kila kimoja kiasi cha kibiriti, akakosha, akatia tangawizi na thomu, akabandika. Zilipokaribia kuiva akamimina tui, tungule zilizosagwa, na mbatata nne alizozipasua kati. Nyumba ile ina watu wanane. Alipopakua, kila mtu alipata vipande viwili, na mchuzi ndio uliobeba wali wote. Nusu kilo kwa watu wanane ni gramu 62 kwa kichwa, tukijifanya mifupa nayo ni nyama. Siku zilizobaki za wiki ile ilikuwa dagaa, maharage ya nazi, kisamvu, na siku moja vibua.

Sasa weka hesabu hiyo mbele ya wataalamu. Mwaka 2019 tume ya wanasayansi wa nchi mbalimbali iitwayo EAT-Lancet ilitoa pendekezo la mlo unaofaa mwili na dunia. Kwa nyama nyekundu ilitaja wastani wa gramu 14 kwa siku, na nafasi ya kufika 28. Mara saba, hiyo ni gramu 98 kwa wiki. Tume hiyo hiyo ilionesha kwamba Amerika Kaskazini wanakula zaidi ya mara sita ya kiwango hicho. Nyumba ya shangazi yangu iko chini ya mstari. Ukimwambia yeye apunguze, unamwambia atoe kipande kimoja kati ya viwili.

Lakini si kila mtu Zanzibar anakula kwa shangazi yangu. Tunaye ndugu yetu wa mjini anayepiga supu kila asubuhi kabla ya kazi. Tuseme bakuli lake lina gramu mia moja tu za nyama. Siku tano ni nusu kilo: mgao wa nyumba nzima ya watu wanane umeingia tumbo moja, na bado hatujahesabu mishkaki ya jioni na biriani ya harusi ya Jumapili. Wapo pia watoto wanaofungiwa soseji mbili kwenye kibakuli cha skuli karibu kila siku kwa sababu ni rahisi kukaanga alfajiri. Hao ndio ushauri unaowahusu, na hao ndio hawausikii, maana kelele zote ziko kwenye udhiya.

Na ndani ya nyumba hiyo hiyo moja nyama haigawiwi sawa. Tumekua tukiona vipande vinono vinawekwa kwa baba na wageni, mama akamalizia kwa ukoko na mchuzi. Hili linaniuma zaidi ya yote katika mjadala huu. Upungufu wa damu bado unawasumbua wanawake na watoto wadogo visiwani kwetu, na madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko yale ya mchicha na kunde. Ukitangaza “punguzeni nyama” kwa nchi nzima bila kutaja nani, wa kwanza kutii atakuwa mjamzito ambaye hata hiyo nyama haipati. Mama huyo anahitaji kuambiwa jambo jengine kabisa: aongezewe kipande, akamulie ndimu kwenye mboga zake za majani, na chai ya rangi aiweke mbali na wakati wa chakula, kwa sababu ndimu inasaidia chuma kuingia mwilini na chai inakizuia.

Kwani nyama imefanya nini?

Hoja za wanaotaka watu wapunguze ni mbili, afya na hali ya hewa, na zote mbili zina ukweli ambao umeharibiwa katika kupitishwa mdomo kwa mdomo.

Upande wa afya, kilichoenea zaidi ni kwamba “WHO wamesema nyama ni sawa na sigara”. Hawakusema hivyo. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, liliweka nyama iliyosindikwa katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, kundi ambalo tumbaku nayo imo. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa kundi jengine, la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kuwa vinasababisha. Makundi hayo yanapima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Kwamba nyuki anauma ni yakini. Kwamba swila anauma ni yakini. Yakini ni moja, sumu mbalimbali.

Tarakimu iliyotolewa ilikuwa hii: kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku, kiasi cha soseji moja, zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa 18%. Watu wakasikia kwamba watu 18 katika 100 watapata saratani. Sivyo. Chukua mfano wa hesabu tu: ikiwa katika watu 100 watano wangeugua hata hivyo, ongezo la 18% ni juu ya wale watano, na unapata karibu sita. Huyo mmoja ni mtu na ana watoto, haifai kumpuuza. Lakini nyama ya nusu kilo ya Ijumaa haikuguswa na tarakimu hiyo. Iliyoguswa ni ile soseji ya kila siku kwenye kibakuli cha mtoto.

Upande wa hali ya hewa, watu hucheka wakisikia kwamba ng'ombe anachafua hewa kwa kujamba. Hewa inayozungumzwa hutoka zaidi mdomoni. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana tumbo la vyumba vinne, na ndani ya kile kikubwa vimo viumbe vidogo visivyoonekana vinavyovunja majani. Kazi hiyo inazaa gesi iitwayo methani, na mnyama anapocheua anaitoa. Methani haikai angani muda mrefu kama hewa ya ukaa inayotoka kwenye magari, huisha baada ya takriban miaka 12, lakini wakati ipo inashika joto vikali mno. Ongeza misitu inayokatwa kupata malisho na mashamba ya soya ya kulishia mifugo, mbolea na usafirishaji, ndipo FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, mwaka 2013 ikakadiria kwamba mifugo inachangia 14.5% ya gesi joto zinazotokana na binadamu. Makadirio yake ya mwaka 2023 ni karibu 12%.

Ng'ombe aliyefungwa kamba chini ya mnazi kule Micheweni, anakula majani yaliyojiotea na jioni anarudi nyumbani, si sawa na ng'ombe wa zizi la maelfu anayelishwa soya iliyovuka bahari. Lakini tusijidanganye pia. Ng'ombe wetu anakua polepole na maziwa yake ni haba, kwa hiyo ukigawa methani yake kwa kila lita au kila kilo anayotoa, hesabu haimpendezi. Kinachotuokoa ni kwamba tunao wachache na tunakula kidogo. Na hapo ndipo penye uchungu: maji ya chumvi yanaingia kwenye mashamba ya mpunga Pemba, mkulima anaona bonde alilorithi kwa babu yake linaota mikoko, halafu anaambiwa na yeye apunguze nyama ambayo anaiona kwa mwezi mara mbili. Hasira yake ina mashiko, na mtu anayeiita ujinga hajamsikiliza.

Wenzetu walipojaribu

Ukidhani ni sisi tu tunaokasirika, tazama kwengine. Mwaka 2013 chama cha Kijani cha Ujerumani kilipendekeza makantini ya umma yawe na siku moja ya wiki isiyo na nyama. Lilikuwa pendekezo la chama, tena kwa makantini tu. Gazeti kubwa la kule likaandika kwamba Wakijani wanataka kuwanyima watu nyama, na kuanzia hapo maelezo yote yakawa hayasikiki. Septemba chama kikapata 8.4% ya kura, kutoka 10.7% ya uchaguzi uliotangulia. Sababu zilikuwa nyingi, lakini hiyo ndiyo iliyobaki midomoni. Uswisi nayo, tarehe 25 Septemba 2022, wananchi waliulizwa kwa kura kama ufugaji wa kiwandani upigwe marufuku, na karibu 63% walikataa.

Uingereza ni mfano unaonivutia zaidi. Mwaka 2020 raia zaidi ya mia moja waliookotwa kwa kura ya bahati, wa kila rika na kila kipato, walikaa siku za mapumziko kadhaa wakawasikiliza wataalamu wa hali ya hewa. Mwisho walipendekeza nchi ipunguze nyama na maziwa kwa 20% hadi 40%, lakini wakasisitiza liwe jambo la hiari. Watu wa kawaida, walipopewa muda na maelezo, walilikubali lengo na kukataa fimbo. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo Rishi Sunak alitangaza kwamba hatakubali kodi ya nyama. Kodi hiyo haikuwa imo katika sera ya serikali yake. Ilifutwa kabla ya kuwepo. Ndivyo jambo hili linavyokwenda dunia nzima: kinachopigwa vita mara nyingi ni kivuli.

Tafiti za misimamo ya watu katika nchi nyingi zinarudia picha moja. Elimu na alama kwenye pakiti, watu hawana neno. Mboga nyingi zaidi kwenye menyu, hawana neno. Kodi na marufuku, wanakataa. Wanalegea kidogo wakijua fedha ya kodi inarudi kwao, mathalani kushusha bei ya matunda na mboga. Na wanayapima mambo mawili kabla ya yote: je, jambo hili ni haki, na je, litafanya kazi?

Ndiyo maana Denmark na New Zealand zilitoka njia mbili tofauti. New Zealand mwaka 2022 ilipendekeza tozo juu ya gesi ya mifugo. Wakulima wakaingia barabarani na matrekta, na serikali mpya ikaitupa mwaka 2024. Mwaka huo huo Denmark ilikubali kodi kama hiyo, itakayoanza 2030, na jumuiya kubwa ya wakulima ilikuwa mezani inajadili kila kifungu, pamoja na watu wa mazingira, viwanda na vyama vya wafanyakazi. Naomba msomaji aangalie vizuri: hata hiyo ya Denmark inamtoza mfugaji kwa gesi ya mifugo yake. Haimsimamishi mtu buchani.

Kuna na njia isiyopigiwa kelele hata kidogo. Katika makantini ya Chuo Kikuu cha Cambridge watafiti waliongeza vyakula visivyo na nyama kutoka kimoja katika vinne hadi viwili katika vinne. Hawakuhubiri, hawakukataza. Mauzo ya vyakula hivyo yalipanda kwa kati ya 40% na 80%. Hilo ndilo bakuli la maembe la yule mama.

Udhiya, wazungu na samaki

Nirudi kwenye ujumbe wa sauti. Hofu yake kubwa ni dini, na hofu ya dini haijibiwi kwa mzaha. Kuharimisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu ni jambo zito, Qurani imelikataza katika Suratul Maida aya ya 87, na Mwislamu ana haki ya kuwa macho. Lakini kuharimisha na kupunguza ni vitu viwili. Suratul Aaraf aya ya 31 inasema tule na tunywe wala tusifanye israfu. Na katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kutoka kwa Sayyidna Omar akiwatahadharisha watu na nyama, kwamba ina uraibu kama uraibu wa mvinyo. Sayyidna Omar hakuwa ametumwa na mtu wa Ulaya. Ama udhiya, mwongozo wa ulaji unahesabu wanachokula watu wiki baada ya wiki. Nyama ya Idi inagawiwa kwa jamaa, majirani na masikini, na kwa nyumba nyingi za shamba ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo nyama inaonekana kwa wingi.

“Ni mambo ya wazungu.” Kwa kiasi ni kweli, kwa maana ya kwamba wao ndio wanaokula nyingi na wao ndio wanaoambiana. China nayo, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, iliwashauri watu wake wale gramu 40 hadi 75 za nyama kwa siku. India wala Ethiopia hawakungoja mwongozo wowote. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama siku nyingi za mwaka kwa imani yao tangu karne na karne.

Linalonitia wasiwasi mimi ni jengine, na silisikii likisemwa. Ukimwambia Mzanzibari aache nyama, atakwenda kwa samaki. Na samaki yuko katika hali gani? Miezi ya kusi bahari inachafuka, ngarawa zinalala mchangani, na mtungo wa changu unakuwa bei ya kukimbia. Pweza na jodari wazuri wanapita moja kwa moja kwenda hotelini. Dagaa wanaochemshwa na kuanikwa pwani za Unguja wanasafirishwa hadi Kongo. Sera yoyote ya kitoweo visiwani hapa inayotazama ng'ombe bila kutazama bahari imepima upande mmoja wa mizani. Kunde, mbaazi, choroko na maharage ndivyo vingestahili kupewa nafasi, na hivyo tunavijua kuvipika kwa nazi kuliko mtu yeyote. Tatizo letu ni kwamba tumevipa jina la chakula cha dhiki, mgeni akija unaona haya kumwekea.

Walivyofunga mwamba

Watu wakiniambia Wapemba au Waunguja hawawezi kukubali kupunguza kitu wanachokipenda, huwakumbusha Kisiwa Panza, kusini ya Pemba. Wavuvi wa kule, na wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu maji ya bamvua yakitoka, waliona pweza wanazidi kuwa wadogo. Wakakubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa. Asiingie mtu. Walisaidiwa na jumuiya ya Mwambao, lakini mipaka waliiweka wenyewe, walinzi walitoka kwao, na siku ya kufungua ilikuwa ya kijiji kizima. Pweza hukua haraka, na waliotoka walikuwa wakubwa kwa macho. Vijiji vyengine vikaiga.

Haikuwa kazi nyepesi. Kufunga mwamba ni kumwambia mama mwenye watoto watano asiende pale alipozoea kupata kitoweo cha jioni. Wapo waliovunja, wapo walionung'unika kwamba wa kijiji cha pili wanaingia usiku. Hata hivyo walikuwa na vitu ambavyo ujumbe wa “punguzeni nyama” umekuja bila yao: aliyeombwa kuacha ndiye aliyekuwa akichukua, aliyeacha ndiye aliyevuna, na aliyeamua ni mtu unayemjua jina na nyumba yake. Hayo matatu ndiyo ninayoyatafuta kila ninaposikia pendekezo la chakula, liwe la Ulaya au la Wizara ya hapa hapa.

Siku zile za Idi zilipopita nilimrudia mzee wa barazani na jibu lake. Nikamwambia daktari alikuwa anamwambia yeye peke yake, kwa sababu ya mguu wake: jongo linatokana na asidi ya yuriki inayojikusanya kwenye viungo, na nyama nyekundu inaiongeza. Hakutumwa na mtu. Akaridhika, akasema basi atamfuata, na kwamba hata hivyo nyama ameshaipunguza muda mrefu lakini maumivu hayajapungua.

Nikamuuliza, badala ya nyama anatowelea nini.

“Dagaa,” akasema. “Karibu kila siku, mwanangu. Si ndiyo salama?”

Nikamwambia dagaa nao wanaiongeza asidi ile ile, tena sana, na kwamba akirudi hospitali amtajie daktari kila anachokula, asitaje nyama tu. Akakitazama kidole chake, akakisogeza kidogo juu ya ndara.

“Jumatatu nitakwenda,” akasema.